Mafuta kwenye damu, kasi ya akili, na kipimo kinachosubiri miaka 5

Mwaka 2004 vyama vinne vya wataalamu wa Marekani, kikiwemo cha kisukari na cha madaktari wa magonjwa ya akili, vilitoa kwa pamoja ratiba ya kumfuatilia mgonjwa anayetumia dawa za kizazi cha pili (zile mpya zaidi) za kutibu saikosisi, hali ya mtu kusikia sauti na kushuku yasiyokuwepo. Uzito upimwe mwanzoni, kisha wiki ya 4, ya 8 na ya 12, halafu kila miezi 3. Sukari na presha zipimwe mwanzoni, zirudiwe wiki ya 12, halafu kila mwaka. Mafuta ya kwenye damu nayo yapimwe mwanzoni na wiki ya 12. Baada ya hapo, kila baada ya miaka 5.

Miaka 5, kwa dawa ambazo baadhi yake hupandisha trigliseridi, mojawapo ya mafuta ya kwenye damu, ndani ya wiki chache. Walioandika ratiba ile hawakuwa wazembe. Walikuwa wanaufikiria moyo, na kwa moyo wa kijana ambaye majibu yake ya wiki ya 12 yametoka safi, miaka 5 si jambo la kushangaza, kwa kuwa mishipa huziba polepole, kwa miongo. Miongozo mingi iliyofuata imekaza uzi na kutaka kipimo cha kila mwaka, lakini fikra iliyo nyuma yake imebaki ileile ya moyo. Ninachosema mimi ni kwamba ukiutia na ubongo kwenye hesabu, ratiba yote inasogea mbele, na swali la dawa ipi ianze linasogea pamoja nayo. Nasema hivyo nikijua fika kwamba ushahidi unaounganisha mafuta ya damu na uwezo wa kufikiri kwa wagonjwa hawa una mikunjo mingi kuliko unavyosimuliwa.

Tuanze na akili yenyewe, maana hapo ndipo watu hukosea hatua ya kwanza. Mwishoni mwa karne ya 19 Emil Kraepelin aliuona ugonjwa tunaouita leo skizofrenia, ulio mkuu kati ya magonjwa ya saikosisi, kama kuporomoka kwa akili kunakoanza ujanani. Alikosea alipodhani karibu kila mgonjwa ataporomoka moja kwa moja, lakini hakukosea kwamba kufikiri kwenyewe kunaguswa. Sauti na shuku ndizo zinazomfikisha mtu hospitali. Kinachomzuia asirudi kazini au darasani baada ya sauti kunyamaza, mara nyingi, ni kumbukumbu, umakini na kasi. Tangu Jean Delay na Pierre Deniker waanze kutumia kloropromazini katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, mwaka 1952, dawa zimekuwa hodari wa kunyamazisha sauti. Kwenye kumbukumbu na kasi zimefanya kidogo sana. Na upungufu huo huonekana tangu tukio la kwanza la saikosisi, kabla mgonjwa hajameza kidonge hata kimoja. Kwa wengine dalili zake zilikuwepo tangu utotoni. Kwa hiyo anayeanza hoja yake na "dawa ndizo zimeharibu akili yake" ameruka sura nzima ya kitabu.

Kuna kipimo kimoja kidogo ninachokipenda kwa sababu hakina ujanja wowote. Juu ya karatasi kuna alama 9, kila moja na namba yake, kuanzia 1 hadi 9. Chini yake kuna mistari ya alama hizohizo zilizochanganywa, kila alama na kisanduku kitupu. Kazi yako ni kujaza namba inayostahili, moja baada ya nyingine, ndani ya sekunde 90. Mtu asiye na tatizo hupandisha macho juu kila mara katika mstari wa kwanza. Akifika wa pili ameshashika jozi kadhaa na mkono unaanza kukimbia. Mgonjwa ambaye sauti zimekwisha kabisa, anayekusalimia vizuri na kujua siku na tarehe, anaendelea kupandisha macho hadi mwisho. Anaangalia juu, anashuka, anasita, anaangalia tena kuhakikisha, anaandika. Namba zake ni sahihi, tatizo ni kwamba ni chache. Mwaka 2007 Dwight Dickinson na wenzake walikusanya tafiti nyingi zilizowapima watu wenye skizofrenia kwa namna mbalimbali, wakakuta kwamba karatasi hii ya alama na namba ndiyo inayoonyesha pengo kubwa kuliko vipimo vingine vya akili vilivyozoeleka.

Kasi hiyohiyo ndiyo inayopungua pia kwa watu wasio na saikosisi yoyote, pale kisukari, presha na uharibifu wa mishipa midogo ya ubongo vinapoanza kazi yao. Mtu wa kawaida mwenye kisukari cha miaka mingi hapotezi kwanza majina ya watoto wake. Anakuwa mzito kidogo wa kuunganisha mambo. Maana yake ni kwamba mgonjwa wa saikosisi anaanza safari akiwa na kasi pungufu, kisha anapewa matibabu ambayo yanaweza kumsukuma kuelekea hali nyingine inayopunguza kasi ileile. Akizidi kuwa mzito, kila mtu, akiwemo daktari, ataona jambo lilelile alilokwisha kulizoea.

Sasa tuitazame karatasi ya pili, ya maabara. Hii ni ya mfano, lakini anayefanya kazi hii ameiona mara nyingi: kijana wa kiume wa miaka 26, miezi 4 tangu aanze olanzapini, mojawapo ya dawa hizo za kizazi cha pili. Kolesteroli yote 4.8 (namba zote ni mmol kwa lita). LDL, ile iitwayo kolesteroli mbaya, 2.5. HDL, ile iitwayo nzuri, 0.8. Trigliseridi 3.2. Jicho la daktari mwenye haraka linakwenda kwenye LDL, kwa kuwa ndiyo tuliyofundishwa kuiogopa, linaiona haina shida, na faili linafungwa. Lakini habari yote ya kijana huyu iko kwenye namba mbili za mwisho. Trigliseridi inatakiwa iwe chini ya 1.7, HDL ya mwanamume isishuke chini ya 1.0. Trigliseridi ikipanda huku HDL ikishuka, mara nyingi ni kwamba mwili umeanza kuisusia insulini, homoni inayodhibiti sukari, ini linatengeneza mafuta na kuyamwaga kwenye damu, na kiuno kinapanuka hata kama sukari ya asubuhi bado inatoka safi. Mwongezee presha kidogo au kiuno kikubwa, na tayari ametimiza masharti ya kile kinachoitwa sindromu ya umetaboli: dalili 3 kati ya 5 (kiuno kikubwa, presha juu, sukari juu, trigliseridi juu na HDL chini). Karibu theluthi moja ya watu wenye skizofrenia wamo kwenye kundi hilo.

Tofauti hii kati ya LDL na trigliseridi ndiyo naona imepuuzwa kuliko yote, na ina historia ya kuvutia. Mwaka 2017 Toby Pillinger na wenzake wa London walikusanya tafiti zilizowapima watu katika tukio la kwanza la saikosisi, ambao dawa zilikuwa hazijawagusa au zimewagusa kidogo sana. Ungetarajia nini? Ama mafuta yawe sawa na ya watu wengine, ama yawe juu. Walichokuta ni mgawanyiko: kolesteroli yote na LDL zilikuwa chini kuliko za watu wasio na ugonjwa, huku trigliseridi zikiwa juu. Namba mbili za karatasi moja zimeelekea pande mbili tofauti, kabla ya matibabu. Kwa hiyo utafiti wowote unaowatia wagonjwa wote kwenye kapu moja la "mafuta mabaya" kisha ukaulizia akili zao umekwisha kujifunga kamba miguuni.

Lakini je, mafuta ya damu yanaufikiaje ubongo? Ipo picha moja imeenea ambayo ni vizuri tuiondoe: kwamba mafuta yanapanda kichwani na kuganda humo. Sivyo. Ubongo una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini umebeba kati ya moja ya tano na robo ya kolesteroli yote ya mwili, na karibu yote umeitengeneza wenyewe. Kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo hakiruhusu kolesteroli ya damu ipite hivihivi. Sehemu kubwa ya kolesteroli hiyo imo kwenye mielini, utando unaofunika nyuzi za neva na kuzifanya zipeleke ujumbe haraka. Nyingine hutolewa na seli saidizi zinazozizunguka neva ili neva zitumie kujenga maungio baina yao. Ikizidi, ubongo huibadilisha umbo kidogo na kuitoa nje. Ni uchumi unaojitegemea. Ndiyo maana kolesteroli iliyopanda kwenye damu leo haimaanishi lolote la moja kwa moja kuhusu kolesteroli iliyomo ndani ya fuvu.

Trigliseridi ni hadithi nyingine. Mwaka 2004 William Banks na wenzake walionyesha kwa panya kwamba trigliseridi zikijaa kwenye damu huizuia leptini, homoni inayoupelekea ubongo habari kwamba mwili umeshiba, isivuke kizuizi kile. Miaka minne baadaye Susan Farr, akiwa na Banks, alikwenda hatua moja mbele: panya wanene wenye trigliseridi nyingi walikuwa wagumu wa kujifunza na kukumbuka, na walipopewa dawa ya kuzishusha, wakaboreka. Panya si mtu, na panya aliyenenepeshwa maabara hana saikosisi. Hata hivyo njia ile ipo na inaeleweka: trigliseridi zinaweza kuugusa ubongo bila ya kusubiri miaka 30 ya kuziba kwa mishipa. Ongeza hapo usugu wa mwili kwa insulini, ambayo ubongo nao unaitumia katika kumbukumbu, na uvimbe wa chinichini unaotokana na mafuta ya tumboni.

Na hapa ndipo mikunjo inapoanza, na ndipo makala nyingi za afya hugeuza njia. Kuna tafiti kadhaa, hasa kwa wanaotumia klozapini na olanzapini, zilizokuta kwamba wagonjwa ambao mafuta yao yalipanda zaidi ndio hao dalili zao zilizopungua zaidi. Hata kwenye vipimo vya akili zimepatikana dalili kama hizo, kwamba kolesteroli iliyopanda imeandamana na kufikiri kulikoboreka kidogo. Mtu anayehubiri kwamba mafuta yanaua akili afanye nini na majibu haya?

Maelezo ya kwanza ni ya kawaida kabisa, na mimi naona ndiyo yenye nguvu: dawa iliyomezwa hufanya kazi zake zote, nzuri na mbaya. Anayemeza kila siku, na ambaye mwili wake hauiondoi dawa upesi, atanenepa na pia atapata nafuu. Anayeficha vidonge chini ya godoro hatapata lolote kati ya hayo mawili. Mafuta yanakuwa ushahidi kwamba dawa imefika, basi. Maelezo ya pili yana utamu wa kisayansi zaidi. Watafiti wa Bergen, Norwei, akina Johan Fernø na Vidar Steen, walionyesha kuanzia mwaka 2005 kwamba baadhi ya dawa hizi, klozapini ikiwemo, huziamsha jeni zinazotengeneza kolesteroli na mafuta mengine ndani ya seli zilizokuzwa maabara, zikiwemo seli zenye asili ya ubongo. Ikiwa hilo hutokea pia kwa mtu aliye hai, basi huenda dawa inayojaza mafuta kwenye damu inaufanyia ubongo jambo lenye manufaa kwenye mielini yake. Ni wazo zuri, na nalipa heshima yake, ila kutoka kwenye kisahani cha maabara hadi mtu anayejaza namba kwenye visanduku ni mbali sana.

Maelezo ya tatu ni muda. Tafiti zinazoona mafuta na nafuu vikipanda pamoja nyingi ni za wiki au miezi michache. Zinazoona madhara huwaangalia watu waliokaa na ugonjwa na matibabu kwa miaka. Katika wiki 12 za kwanza mtu anatoka kwenye dhoruba ya saikosisi. Hapo hata akinenepa kilo 8, atafikiri vizuri kuliko siku aliyoletwa. Deni linakuja baadaye. Mwaka 2021 Katsuhiko Hagi na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000 wenye skizofrenia. Waliokuwa na sindromu ya umetaboli, kisukari au presha walikuwa na upungufu mkubwa zaidi wa akili kuliko wenzao wasio na hali hizo. Ukubwa wa tofauti ni mdogo hadi wa wastani tu, lakini unaonekana. Tazama vizuri kilichojitokeza: ni mkusanyiko, ni sukari, ni presha. Kolesteroli peke yake haikuibuka kuwa mshukiwa mkuu. Naichukulia trigliseridi kwa namna hiyo, kama mwanachama wa kwanza wa genge kuonekana mtaani, wakati wenzake bado hawajatoka.

Mshabiki wa hoja hii anapaswa pia kukubali kwamba mshale unaweza kuelekea upande mwingine. Mtu ambaye kumbukumbu yake ni dhaifu na mipango inamshinda ndiye atakayesahau miadi, atakula kinachopatikana kirahisi, atavuta sigara nyingi na kutembea kidogo. Akili pungufu inaleta mafuta, na tafiti zinazopima vyote siku moja haziwezi kutenganisha. Na kuna mhalifu mwingine ambaye hatajwi sana kwa sababu hana mvuto: dawa zinazoandikwa kuzuia mitetemo na ukakamavu, kama triheksifenidili. Hizi huziba kemikali ileile ambayo kumbukumbu inaitegemea. Mgonjwa anayeanzishiwa wiki ya pili kwa sababu mikono ilitetemeka, kisha akaachwa nayo miaka 6 bila ya mtu kuuliza kama bado inahitajika, amepunguziwa kumbukumbu bila ya kolesteroli kuhusika. Kabla ya kushika karatasi ya mafuta, ningeanza na orodha ya dawa.

Sasa suala la dawa ipi. Mwaka 2020 Pillinger na wenzake walizipanga dawa 18 za saikosisi kwa namna zinavyobadilisha uzito, sukari na mafuta, wakitumia majaribio 100 yenye wagonjwa zaidi ya 25,000. Klozapini na olanzapini zilishika mkia. Aripiprazoli, ziprasidoni, lurasidoni na karipirazini ndizo zilizoleta usumbufu mdogo. Sababu zake kwa sehemu zinajulikana: zile nzito hukaa kwenye vipokezi vya histamini na vya serotonini vinavyosimamia njaa, na zinagusa pia njia zinazoiamuru kongosho itoe insulini. Kwa kijana wa tukio la kwanza, ambaye dawa nyingi zitamfaa kwa kiwango kinachokaribiana, sioni sababu ya kuanza na olanzapini kana kwamba hakuna nyingine. Hapa ndipo hoja ya ubongo inapobadilisha uamuzi. Ukimwambia kijana wa miaka 22 kwamba dawa hii inaweza kumletea ugonjwa wa moyo akiwa na miaka 60, umemwambia habari ya mtu mwingine. Ukimwambia kwamba unataka kumlindia kasi yake ya kufikiri kwa kuwa anataka kurudi masomoni, hiyo ni habari yake.

Lakini asitokee mtu wa kuyatumia haya kumwachisha mgonjwa dawa. Katika jaribio kubwa la Marekani lililoitwa CATIE, lililochapishwa mwaka 2005 likiwa na wagonjwa 1,493, asilimia 74 waliacha dawa waliyopangiwa kabla ya miezi 18. Olanzapini ndiyo iliyowaharibia wengi uzito, sukari na mafuta, na pia ndiyo iliyodumu nao kwa muda mrefu kuliko nyingine. Utafiti wa Jari Tiihonen uliofuatilia wagonjwa wa Finlandi na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba waliokuwa kwenye klozapini, ile ile iliyoshika mkia kwenye mafuta, ndio waliokufa kidogo kuliko waliokuwa kwenye dawa nyingine, na kwamba kukaa bila dawa kabisa kulikuwa hatari zaidi. Kurudiwa na saikosisi mara kwa mara kunamrudisha mtu nyuma kimasomo, kikazi na kiakili kuliko trigliseridi ya 3.2. Mgonjwa ambaye dawa mbili zimemshinda na klozapini ikamfaa, aachiwe klozapini yake, na mafuta yashughulikiwe kama mafuta.

Kuyashughulikia kwenyewe si fumbo. Metformini, dawa ya kisukari, ikianzwa mapema pamoja na dawa zinazonenepesha, hupunguza kilo kadhaa na kusaidia mafuta kiasi, na wataalamu wengi zaidi sasa wanataka ianze mapema badala ya kusubiri mgonjwa ajae kwanza. Statini hushusha LDL na kulinda moyo. Hofu kwamba zinafuta kumbukumbu ilipata nguvu mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipotaka karatasi za maelezo zitaje visa vichache vya usahaulifu unaoisha dawa ikiachwa, lakini majaribio makubwa hayakuonyesha kwamba zinadhoofisha akili. Wagonjwa hawa hupewa statini kidogo kuliko wanavyostahili, na hilo ni kosa la moyo hata kabla ya kuzungumzia ubongo. Mazoezi ya kutoa jasho ndiyo pekee kwenye orodha hii ambayo majaribio yameyaonyesha kuigusa akili yenyewe: mwaka 2017 Joseph Firth na wenzake walikusanya majaribio 10 yenye watu 385 wenye skizofrenia, na akili iliboreka, hasa umakini, kumbukumbu ya kazi (ile ya kushika jambo akilini kwa muda mfupi unapolitumia) na uwezo wa kuwaelewa watu wengine. Kwamba kushusha trigliseridi kwa dawa kunamrudishia mgonjwa kasi yake, hilo halijathibitishwa na jaribio lolote kubwa, na anayeliahidi anatia chumvi.

Kwa hiyo sitetei kidonge kipya. Natetea tarehe. Trigliseridi, HDL, kiuno na sukari vipimwe kabla ya kidonge cha kwanza. Kwa anayeanza olanzapini au klozapini, virudiwe wiki ya 6 bila kungoja ya 12, halafu angalau kila mwaka bila mjadala. Kisingizio cha kwamba mgonjwa hakuja na njaa hakina tena uzito mkubwa: tangu mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya wamekubaliana kwamba kipimo cha mafuta bila kufunga kinatosha kwa watu wengi, na trigliseridi ikitoka juu sana ndipo kirudiwe mtu akiwa amefunga. Na siku hiyohiyo ya kutoa damu, mgonjwa apewe ile karatasi ya alama 9 na sekunde zake 90, idadi ya visanduku alivyojaza iandikwe kwenye faili pembeni ya trigliseridi.

Najua jibu nitakalopewa. Daktari wa akili atasema mafuta ni kazi ya daktari wa mwili. Daktari wa mwili atasema usahaulifu wa mgonjwa yule ni wa daktari wa akili. Wanatupiana mpira huku mgonjwa akiwa katikati, na kila mmoja ana hoja. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2018 miongozo ya kutunza miili ya watu wenye magonjwa makubwa ya akili, ambao hufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wengine, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ni ya magonjwa ya mwili yanayozuilika. Anayeandika dawa ndiye anayejua siku mafuta yalipoanza kupanda, kwa sababu yeye ndiye aliyeyaanzisha. Kwangu hilo linatosha kuamua kazi ni ya nani.

Na kuna haraka ambayo ratiba ya mwaka 2004 haikuweza kuiona. Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet kuhusu dimenshia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na akili hasa uzeeni, iliiongeza LDL ya juu katika umri wa makamo kwenye orodha yake ya mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ili kupunguza hatari ya ugonjwa huo. Kisukari, presha na unene vilikuwemo tangu awali. Olanzapini iliidhinishwa Marekani mwaka 1996. Aliyeanza kuimeza mwaka huo akiwa na miaka 20 sasa anagonga 50, akiwa amekaa na mafuta hayo karibu maisha yake yote ya utu uzima. Hiki ndicho kizazi cha kwanza kuingia umri wa makamo kikiwa kimepitia dawa hizi tangu ujana. Mmoja wao akianza kupotea njia anayoijua au kurudia swali lilelile mara tatu, daktari atalazimika kuamua kama huo ni ugonjwa wake wa siku zote, ni dawa ya mitetemo, ni mishipa midogo, au ni mwanzo wa dimenshia. Ataomba majibu ya zamani alinganishe. Ya mafuta huenda akayapata, moja la mwanzo na jingine la miaka mingi baadaye. Ya kasi ya kufikiri hatayapata kabisa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuyachukua, na atabaki kukisia kutokana na maneno ya dada yake mgonjwa aliyemleta.